Nani Ampishe Nani Shimo la Mungu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hajafika lakini kiti chake kimefika, wazee wetu wa Newala, wajumbe kutoka Masasi mliopanda huku na basi la asubuhi na vumbi lake, kina mama mliokuwa mnapita tu mkaona viti, itifaki imezingatiwa. Naomba simu zote zizimwe isipokuwa yangu, ambayo ndiyo yenye hotuba.

Kwa faida ya wasionifahamu, mimi ni Mtaalamu Mwelekezi wa Uendeshaji Baiskeli Milimani, Makorongoni na Maeneo Yanayofanana na Hayo, Kanda ya Kusini. Cheo hiki sikupewa na mtu, na hapo ndipo penye uzito wake: hakuna awezaye kunivua. Ninayo kofia ngumu ya mchezo huu, miwani ya mchezo huu, na kaptura ya mchezo huu yenye godoro makalioni. Baiskeli yenyewe imo kwenye bajeti.

Suala lililotukutanisha ni hili. Pale Shimo la Mungu, Uwanda wa Makonde unakatika ghafla, ukisimama ukingoni unaliona bonde la Ruvuma lote limelala chini na Msumbiji ng'ambo. Kutoka ukingoni kuna vijia vinavyoteremka. Juu anakuja mwenye baiskeli, chini anapanda mwenye miguu, na njia ni ya mtu mmoja. Nani ampishe nani? Hicho kicheko huko nyuma nimekisikia. Kwenu ni jambo dogo kwa sababu hamjalisomea.

Tuanze na chimbuko, maana msomi haanzi na jambo lenyewe. Mchezo huu ulikulia California, Marekani. Tarehe 21 Oktoba 1976, vijana wa Marin waliandaa mbio za kushuka njia ya vumbi kwenye korongo la Cascade, karibu na mji wa Fairfax, na mbio hizo zikajulikana kama Repack. Ni mteremko wa mita 400 hivi ndani ya kilomita tatu na ushee. Baiskeli zao zilikuwa machuma mazito yaliyoundwa miaka ya 1930 na 1940, gia moja, breki ya kurudisha pedeli nyuma. Wakifika chini, grisi ya gurudumu la nyuma imekwisha kuungua inatoa moshi, kazi inabaki kufungua na kupaka upya. Mmoja wao, Gary Fisher, aliweka rekodi ya dakika nne na sekunde 22. Mwaka 1979 yeye na Charlie Kelly wakafungua biashara ya baiskeli za milimani, na dunia nzima ikaanza kununua.

Mzee pale ameinua fimbo. Anasema chuma kizito, gia moja, moshi unatoka, hiyo si baiskeli ya Phoenix ya mwanawe? Hapana, mzee wangu, tusichanganye mambo. Ya California ni mchezo. Ya mwanao ni usafiri. Tofauti ya kitaalamu ni kwamba mchezaji anashuka mlima bila sababu.

Vijana wa hapa nimewachunguza kwa darubini, nikiwa kivulini chini ya mkorosho. Matokeo yanasikitisha. Kijana anateremka na madumu matupu yamefungwa kwenye keria kwa mpira, yanagongana mpaka yanasikika nusu kilomita. Nilikuwa nimeandaa mada nzima kuhusu umuhimu wa kengele, nimelazimika kuifuta. Breki za chuma zimekufa zamani, basi anapunguza mwendo kwa kubana tairi la mbele kwa soli ya katambuga. Tairi linasimamishwa na tairi! Katika vitabu vya mchezo huu mbinu hiyo haimo, kwa hiyo kitaalamu kijana yule hakusimama.

Sasa kanuni. Kimataifa zipo tatu. Anayeshuka ampishe anayepanda. Mwenye magurudumu ampishe mwenye miguu. Na wote wawili wampishe farasi. Kwa kuwa farasi hatuna, nafasi hiyo nimeikaimisha kwa mbuzi, ingawa mbuzi wa Newala walikuwa wakijichukulia haki hiyo kabla ya waraka wangu.

Kanuni hizi ni nzuri sana mpaka yule kijana anapogeuka kurudi. Hapo ndipo utafiti wangu ulipokwama kwa majuma. Anarudi na madumu manne ya lita 20, yaani kilo 80 za maji kabla hujahesabu chuma. Hapandi baiskeli, anaisukuma, bega limeegemea kiti, jasho linamtiririka. Nauliza wajumbe: huyu ni mwenye magurudumu au mwenye miguu? Magurudumu anayo. Miguu anaitumia. Akikutana na mama aliyejitwika kuni, ambaye naye anapanda lakini amesimama apumue, nani kati yao anapanda zaidi? Nimewaandikia barua wakubwa wa mchezo huu duniani. Hawajajibu, ishara kwamba swali limewazidi.

Bibi mmoja nilimkuta njiani nikamuuliza kwa sababu za kisayansi tu. Alisema mwenye mzigo hapishi. Nikamuuliza, wote wakiwa na mzigo? Akasema mwenye mzigo mwepesi anajijua. Nimeyaweka majibu hayo kwenye kiambatisho, kwa herufi ndogo.

Historia ya hapa inaeleza kwa nini swali ni gumu. Mchanga wa uwanda huu unakunywa mvua yote. Mito huipati juu huku. Kwa vizazi na vizazi wanawake wa Kimakonde walishuka kingo hizi kutafuta maji mabondeni na kupanda nayo kichwani. Mradi wa maji ulianza kuyapandisha kwa pampu kwenye miaka ya 1950, lakini siku bomba linapotoa upepo, njia ni ile ile ya bibi. Ndiyo kusema njia hii ina wenyewe waliokuwa wakiitumia miaka mingi kabla ya mtalii wa kwanza kuuliza inaelekea wapi. Jambo hilo linaniudhi, kwa sababu katika andiko la mradi nimeshaandika kwamba njia nimeigundua mimi.

Wajumbe wa Masasi msinung'unike, nanyi mmo. Vilima vyenu vya mawe, Mkomaindo na Mtandi, vitakuwa awamu ya pili. Ila watembea kwa miguu wenu wana kiburi cha kihistoria: mwaka 1876 Askofu Steere alitoka pwani na watumwa walioachwa huru, safari inaelekea Ziwa Nyasa, walipofika Masasi wakaona inatosha, wakajenga kijiji. Watu wa namna hiyo kuwaambia wapishe baiskeli itahitaji semina ya siku mbili, yenye chakula.

Nirudi kwenye mwendo. Kule Marin ugomvi wa wenye baiskeli na watembeaji ulifika mahali walinzi wa hifadhi wakawa wanawapiga tochi kama trafiki wa barabara kuu. Mwisho maili 15 kwa saa, kama kilomita 24. Kwenye kona usiyoiona mbele, maili tano. Nimependekeza tochi ifungwe hapa juu ya mkorosho. Mtendaji mmoja akanidokeza kwamba haina haja, vijana wanasimama wenyewe. Nilikwenda kuhakiki, na ni kweli, lakini sababu yenyewe ni aibu kwa mchezo: wanasimama kuamkia! Kijana akikutana na mtu mzima hawezi kurusha shikamoo akiwa kwenye mwendo, kwa sababu marahaba itamkuta kona ya tatu, na jioni habari itakuwa imemtangulia nyumbani kwao. Basi anashuka, anaamkia, anaulizwa habari za mama yake, anaulizwa korosho zimefika ghalani au bado, mnada wasemaje, dakika saba zimekwenda. Gary Fisher angekuwa ameshafika chini, amepaka grisi. Kwa desturi hii hakuna rekodi itakayovunjwa Newala, na ajali nazo nilizozitarajia kwenye jedwali langu hazijapatikana.

Napendekeza basi, wakati wa mashindano, salamu zisitishwe kwa muda kwa mujibu wa waraka. Naona kina mama wanatazamana. Tutalijadili.

Kuhusu zoezi la vitendo: ratiba inaonyesha kwamba sasa nishuke mwenyewe kama mfano. Limeahirishwa kwa sababu ya upepo. Msicheke, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipiga kambi Newala mwaka 1906 akalalamikia baridi na upepo huu huu, na yeye alikuwa profesa wa kweli. Posho ya washiriki nayo imeahirishwa, kwa upepo mwingine.

Kijana mwenye Phoenix, wewe mwenye shati la bluu, usiondoke. Nifungie begi na bango langu kwenye keria unifikishie kule chini tunakokwenda kupiga picha za ripoti. Mimi nitakuja polepole kwa miguu. Ukinifikia kwenye kona, simama kabisa, na usisahau kuamkia.