Mzunguko wa Saa Moja

Wazo lilikuwa langu. Nalisema mapema kwa sababu mke wangu hatakubali liandikwe vinginevyo.

Tulikuwa Lukozi kwa wakwe zangu, mwezi Juni, kwenye ule ubaridi unaomlaza mtu wa Dar na soksi. Nilikuwa nimewaona Wazungu wakipita na fimbo zao, wale wanaokwenda kwa miguu kutoka Lushoto mpaka Mtae kwa kupitia Lukozi na Rangwi. Nikaona na sisi tuonje kidogo: tushuke bondeni, tufuate kijito, tuvuke, turudi kwa upande wa pili mpaka sokoni. Saa moja tu, na watoto watafurahi.

"Mnakwenda kwa nani?" mama mkwe akauliza.

"Hatuendi kwa mtu, mama. Tunazunguka tu."

"Mkishazunguka?"

"Tunarudi."

Akanitazama kwa huruma, kisha akamgeukia binti yake na kusema Kisambaa kirefu. Nikaomba tafsiri. "Anasema tuvae sweta," mke wangu akajibu.

Njia za Usambara hazijui kuzungukazunguka; zinashuka. Ukungu ulikuwa umelainisha udongo mwekundu, nami nilikuwa na raba nyeupe za Kariakoo. Bibi mmoja alitupita akipanda, viazi mgongoni ndani ya kanga, akatusalimu "Onga mshi" bila hata kuhema. Mimi niliyekuwa nateremka mikono mitupu ndiye niliyekosa pumzi ya kuitikia. Hatua tatu mbele nikakaa chini bila kupanga, nikafika bondeni mapema kuliko familia yangu.

Bondeni ni kuzuri, sitaki kusema uongo. Kabichi, karoti na hoho zimepangwa kama madaftari ya mwanafunzi msafi, na mifereji midogo inapita katikati. Mwanangu akakanyaga tuta. "Mjukuu wangu, pita mferejini," mzee mmoja akamwambia kwa upole, akalitengeneza tuta lake kwa jembe. Nilijisikia vibaya. Matuta yana historia huku: Mwingereza alipowalazimisha watu kuyachimba miteremkoni, miaka ya 1940 na 1950, Wasambaa walimgomea. Sasa mzee kalima lake kwa hiari yake, na mtoto wa Tabata anakuja kulikanyaga.

Daraja lilikuwa gogo la mkaratusi. Watoto walivuka, wakarudi, wakavuka tena kwa raha zao. Mimi nililivuka kwa kulipanda kama punda, nikijisogeza kwa makalio. Ng'ambo, mama mmoja aliyekuwa anaosha karoti kijitoni aliacha kazi ili aone vizuri.

"Mnaelekea sokoni?"

"Tunazunguka tu, mama. Lakini tutaishia sokoni."

Hiyo "lakini" ndiyo iliyoniponza. Kabla sijamaliza kufuta suruali, salfeti la karoti lilikuwa tayari: limejazwa mpaka mdomoni, likapita mdomo, likaongezewa kilemba cha majani na kushonwa kwa kamba. Lumbesa hasa, ile ambayo serikali huipiga marufuku kila mara. Nimpelekee wifi yake, anauza viazi pale Fuso zinapopakia. Ningekataaje? Nilishatamka kwamba sina niendako. Akanisokotea kata ya majani ya mgomba, akanitwisha.

Kuhusu safari ya kupanda sina mengi. Nilikuwa naona miguu yangu tu. Kila tuliyemuuliza kama soko liko mbali alijibu "hapo tu," na kila mmoja alinyoosha kidole juu. Nyuma yangu nilisikia watoto wakitafuna. Nilidhani ni biskuti.

Sokoni tulifika baada ya saa tatu na nusu. Wifi mtu akalizunguka salfeti, akatia kidole kwenye tundu lililokuwa ubavuni, akawatazama wanangu midomo. "Hizi zimepungua." Nikalipa. Nilijaribu kuomba punguzo la ubebaji, akacheka mpaka wapakiaji wakauliza kuna nini.

Hapo ndipo nilipomwona mama mkwe, kaja kununua chumvi. Alitazama matope, akatazama kata iliyokuwa bado kichwani, akaitazama ile lumbesa. Tangu nimuoe binti yake sikuwahi kumwona ameridhika nami kiasi kile.

"Kumbe baba ulikwenda kufuata karoti," akasema. "Si ungesema mapema?"