Jinsi ya Kufungua Duka la Nyuzi Same kwa Kondoo Wasio na Sufu

Familia inayotaka kufuga wanyama wa nyuzi wilayani Same ianze kwa kumpapasa mgongoni kondoo iliye naye. Hizo ni nywele, tena fupi. Sufu hamna. Kondoo mwekundu wa Kimasai alijaliwa mkia wenye mafuta, na mwili unaohimili minyoo ya tumbo kuliko kondoo wengi wa kigeni. Uzi hakupewa. Mkasi uweke mezani, mwache mnyama na koti lake.

Sasa atatokea kijana wa nyumbani, msomi, aseme: basi tuagize merino, kondoo wa sufu. Mkalishe, mpe chai, umsimulie habari za Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 bwana huyu alileta kondoo kutoka New Zealand hadi Njoro, Kenya, akapandisha madume ya kigeni kwa majike ya Kimasai. Alikuwa na fedha, ardhi na ari. Kondoo walikufa kwa wingi, maana malisho yale yalipungukiwa madini, na Wamasai walikuwa wakiikwepa sehemu ile tangu zamani. Kabla ya kununua hata dume moja, waulizeni wafugaji wazee wa hapo mnapoishi ni wapi mifugo haistawi.

Sufu ya Afrika Mashariki ipo, lakini ipo kwenye baridi. Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, kikundi cha wanawake cha Nanyuki Spinners and Weavers kimekuwa kikisokota na kufuma sufu tangu mwaka 1977. Mji wa Same uko chini ya mita 900, upande usiopata mvua nyingi, wenye miiba na mbegu za nyasi zinazong'ang'ania kila kitu. Mbegu zikishaingia ndani ya sufu, mchambuaji atazitoa moja moja mpaka vidole viume. Ukishikilia kufuga, panda mlimani, upande wa Chome au Mbaga, na uanze na wachache. Jengeni banda la sakafu ya mbao iliyoinuliwa, kwa sababu kwato zinazoshinda kwenye tope huoza. Mnyoe mara moja kwa mwaka, siku kavu, manyoya yakiwa hayana umande. Unapoosha sufu usiisugue kwenye maji ya moto, itashikana iwe kipande kimoja kigumu kisichosokoteka tena. Wala usipige hesabu ya faida kwa uzito wa sufu chafu, maana mafuta na vumbi vikitoka, sehemu kubwa ya kilo zako imekwenda na maji.

Ndiyo maana ushauri wangu ni huu: duka kwanza, kondoo baadaye.

Duka la nyuzi Same lina wateja wa uhakika, na wengi wako juu ya mlima. Kuanzia Juni mpaka Agosti milima ya Upare ina baridi ya kweli, na mtoto mchanga anahitaji kofia, soksi na sweta. Januari shule zinafunguliwa, na kila shule ina rangi yake ya sweta. Zungukeni shule za jirani Oktoba, mwandike rangi zote kwenye daftari, ndipo mwagize. Uzi mwingi utakaouza ni wa akriliki, wala usiuonee haya: unafulika, unakauka upesi, na mzazi anaumudu. Ila soma lebo. Kila donge lina namba ya mkupuo wa kutiwa rangi, na madonge mawili ya buluu yenye namba tofauti yatatoa sweta yenye mkono mmoja uliopauka. Muuzie mfumaji madonge yote ya sweta moja kwa pamoja, au umwekee yaliyobaki hadi apate fedha.

Kisha geuza macho kwenye nyuzi ambazo nchi hii inazijua. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62. Kutokana na hivyo nchi ilipata mashamba mpaka Ndungu na Kisangara, na kufikia miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani kwa katani. Mmea huo ulikubali jua na ukame ambavyo merino angevikataa. Jani lake lina nyuzi kama asilimia 4 tu, lakini jani halihitaji dawa ya minyoo. Katani safi, iliyochanwa vizuri, inashika rangi. Chemsha maganda ya vitunguu, tia shabu, uichovye humo itoke na rangi ya dhahabu. Binzari pia itakupa njano inayong'aa, lakini jua huifuta, kwa hiyo usimwahidi mteja kitu. Katani ya rangi ikae rafu moja na nyuzi za sweta, ili anayetaka kikapu na anayetaka sweta wahudumiwe na duka moja.

Linaloniuma katika biashara hizi za familia ni malipo. Shangazi anafuma vitambaa vya makochi kila jioni, bibi anasokota, binti anakaa kaunta, halafu mwisho wa mwezi fedha zote zinaitwa za nyumbani, na wanaoshika sindano hawaoni hata nauli ya kwenda Moshi. Daftari liwe na ukurasa wa kila mfumaji, kazi aliyoleta na siku aliyolipwa. Mtu akisema, "Shangazi si ni wa nyumbani, analipwa nini?" mwonyesheni ukurasa huo. Na mteja akikuambia, "Shikamoo mama, punguza kidogo," itikia marahaba, kisha punguza kwenye faida ya duka, ujira wa mfumaji ubaki palepale.

Na sweta za watoto wachanga ziwe na kifungo begani. Kichwa cha mtoto ni kikubwa kuliko shingo ya sweta, na mama aliyehangaika nayo akichelewa kliniki hatanunua ya pili.