Waziri Aliyetangaza Betri

Waziri alikuwa akieleza bei ya kahawa katika taarifa ya habari ya jioni kwenye televisheni. Akafungua mdomo, ikatoka sauti ya fundi redio wa pale sentani: betri mpya zimefika, na anayetaka kuchaji simu awahi. Wateja wa baa moja ya Giteranyi wakatazamana. Mmoja akauliza kama mheshimiwa naye ameingia biashara ya betri. Mwingine akaagiza mbili.

Giteranyi iko pembezoni kabisa mwa Burundi, katika uliokuwa mkoa wa Muyinga hadi 2025, ikipakana na Rwanda huku na Tanzania kule. Mawimbi ya redio hayana pasi ya kusafiria. Radio Kwizera ya Ngara, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, iko hewani tangu 1995. Fundi akaona hewa bado ina nafasi ya mtu mmoja zaidi. Akaunga transmita ndogo ya FM: transista chache, koili ya waya wa shaba, antena juu ya mwanzi mrefu. Akaiweka megahezi 98. Kibali cha ARCT, mamlaka inayosimamia masafa nchini, hakuomba. Lake lilikuwa tangazo la duka tu, na muziki kidogo wa kuwavuta watu.

Mwenye baa hakuwa na muda wa kujadili sheria za masafa.

"Fundi, toka kwenye televisheni yangu!"

"Mama, mimi niko FM. Televisheni haiko huko."

Alisema kweli, lakini kweli nusu. Transmita ya kuungaunga haiji shughulini peke yake. Iite kwenye 98, italeta wazamiaji: 196, 294, 392, yaani 98 mara mbili, mara tatu, mara nne. Mafundi huwaita hamoniki. Televisheni za analogia za VHF nyingi zilikuwa kati ya megahezi 174 na 230, kwa hiyo mzamiaji wa kwanza alikuwa anakwenda kuketi katikati ya jamvi. Na kwa kuwa sauti ya televisheni hizo nayo ilirushwa kwa mtindo wa FM, seti ya baa haikuishia kuleta chenga. Ilimsoma fundi neno kwa neno. Mawimbi halali yalikuwa yamechoshwa na vilima. Ya fundi yalitoka nyuma ya ukuta.

Ushauri wa bure ukaanza kumiminika. Wa kwanza, asogeze antena. Wa pili, auze transmita anunue mbuzi. Fundi akachagua la tatu, akakifungia kidude chake ndani ya kopo la maziwa ya unga na kuliunganisha kopo na waya wa ardhini. Chenga zikapungua kidogo. Kopo huziba kinachovuja ubavuni, lakini wazamiaji wenyewe hupitia mlango mkuu, yaani antena.

Dawa yenyewe ni rahisi kuliko mbuzi. Ikiwa chaneli moja tu ndiyo inayosumbuka, mshuku transmita. Hapo hukatwa kipande cha kebo ya antena cha sentimita 50 hivi, kikaungwa ubavuni mwa kebo inayopanda mwanzini, na ncha yake nyingine ikalehemiwa, waya wa kati na wavu wa nje pamoja. Urefu huo ni robo ya wimbi la 98 likiwa ndani ya kebo, na hapo 98 hupita salama, 196 akamezwa. Chaneli zote zikivurugika, shida ni televisheni au busta yake kuzidiwa nguvu. Basi kipande kama hicho huungwa nyuma ya seti, ncha ikiachwa wazi, nacho hufanya kinyume: humeza 98 na kumwachia 196 njia.

Fundi akapima 50, akakata, akalehemu. Waziri akaendelea kuuza betri. Kebo aliyoipata dukani ilikuwa ile yenye povu ndani, ambamo mawimbi hukimbia zaidi, na hiyo hutaka sentimita 62 hivi. Kebo iliyokatwa fupi haivutiki, hata fundi aikemee vipi. Alinunua nyingine, safari hii akaikata ndefu makusudi na kuipunguza kidogo kidogo, huku mtoto akisimama mlangoni mwa baa na kupiga kelele kila chenga zilipopungua. Siku hiyo wateja walitazama ukataji wa kebo kuliko mpira.

Mambo yamebadilika. Tanzania ilianza kuzima analogia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na ving'amuzi vikaenea kote katika ukanda huu. Picha za ving'amuzi vya antena zimehamia UHF, kuanzia megahezi 470, lakini 98 mara tano ni 490, basi hata huko mzamiaji anaweza kuchungulia. Tofauti ni kwamba siku hizi hasikiki. Picha hukatika vipande vya mraba, ikaganda, na mwenye baa hamgombezi tena fundi. Humtuma mtoto akaulize nani amesahau kulipia kifurushi.