Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Rais: Tutafutie Mtu wa Kulaumu

Mheshimiwa Rais Félix Tshisekedi,

Sisi wa Lubumbashi tu wazima, tunangoja. Nakuandikia mapema kabla ya uchaguzi ujao, wewe au yeyote ambaye Katiba itamleta, nisije nikaambiwa nimechelewa. Kuchelewa ni haki ya wakubwa.

Mwaka 2019 tulielewa. Uliapishwa 24 Januari, serikali ikatoka 26 Agosti. Tulipouliza kulikoni, tukaonyeshwa kidole: FCC, muungano wa mtangulizi wako Joseph Kabila, inabana, inataka wizara hii, haiachii ile. Sawa. Nani asiyejua shida za nyumba yenye wakubwa wawili? Miezi saba tulimlaani mshirika wako, tukalala vizuri. Desemba 2020 mkaachana, nasi tukapiga vigelegele: sasa mambo yatakwenda mbio.

Uchaguzi wa Desemba 2023 ukakupa zaidi ya asilimia 73 ya kura, na muungano wako, Union Sacrée, ukapata viti zaidi ya 400 kati ya 500. Mshirika wa kubishana naye, hakuna. Hapo, tarehe 7 Februari, ukamtuma katibu mkuu wa chama chako mwenyewe, Augustin Kabuya, akatafute wingi wa wabunge. Autafute wapi, Mheshimiwa? Si ulikuwa umejaa bungeni hadi mlangoni? Katiba inasema mtafutaji hutumwa pale wingi unapokosekana. Waziri mkuu, Mama Judith Suminwa, akapatikana 1 Aprili, tarehe iliyonifanya niisome habari mara mbili. Orodha ya watu 54 ikasomwa usiku wa kuamkia 29 Mei. Siku 130 tangu kiapo chako cha pili.

Ndiyo maana naomba: tutafutie mshirika. Si wa kutawala, wa kulaumiwa tu. Nina mtu. Anakaa komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, ana wake wawili na mama mkwe mmoja mwenye afya njema, kwa hiyo lawama kwake ni chai ya asubuhi. Mpe meza moja Kinshasa na gari lisilo na bendera. Viatu visiwe vipya, watu wasije wakadhani ni waziri. Jumatatu ataikataa orodha. Jumanne atadai migodi. Jumatano atadai na fedha, maana migodi bila fedha ni vumbi, na hilo watu wa Katanga hatuhitaji kufundishwa. Alhamisi ataugua. Ijumaa msemaji wako atatokea kwenye televisheni, uso umemshuka, aseme serikali ingekuwa tayari kama si yule bwana. Jumamosi tutamtukana nchi nzima, kwa Kiswahili, Kilingala, Kiluba na Kikongo. Jumapili aachwe aende misa. Atakuwa mtu pekee huko anayekula jasho lake. Na wabunge wako zaidi ya 400 watapumzika, maana ndugu wa sahani moja kunyang'anyana mnofu mbele ya wageni ni aibu.

Mengine ni madogo. Orodha isomwe mchana. Manaibu waziri mkuu sita ni wengi, hata kwa harusi. Washonaji suti wasimkopeshe mtu kabla jina lake halijasomwa.

Halafu kuna hili la unga. Tarehe 29 Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Mahindi yetu hutoka huko, yakipita mpaka wa Kasumbalesa. Serikali yetu ilikuwa imejiuzulu siku tisa kabla, mawaziri wamebaki kushughulikia mambo ya kila siku tu. Bukari, ugali wetu, si jambo la kila siku? Mwaka ule nilipeleka faili langu ofisi fulani mara tatu, na mara zote tatu nikajibiwa: "Tungoje serikali, baba." Mtoto mwenye njaa hangoji serikali. Mliweza kugawana viti polepole kwa sababu mlikuwa mmeshiba, basi.

Nisamehe, Mheshimiwa, kalamu imeteleza. Nilikuwa nasema juu ya yule mtu wangu. Yuko tayari kusafiri, na mazoezi ameshaanza: juzi umeme ulipokatika, mtaa mzima ulikwenda kugonga kwake.

Faili langu bado liko juu ya ile meza.

Mwananchi wako,
Lubumbashi