Pesa, ng'ombe na usingizi: tano bora za Gotu

Huku Gotu, kaunti ya Isiolo, benki hupiga kelele ikishikwa na kiu, na mwenye nayo anaijua noti yake kwa rangi ya manyoya. Tuhesabu basi akiba zinazompa mfugaji raha, kuanzia ya mkiani.

5. Noti chini ya godoro. Mchwa hali kwa kuchagua, na mgeni akililalia godoro hilo, anayekesha ni wewe. Twende mbele.

4. Simu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, ukiuza mbuzi Isiolo mjini si lazima urudi na bunda mfukoni huku ukikikagua kila kichaka. Hiyo ni raha, tena kubwa. Lakini pesa iliyo karibu na kidole gumba haina subira, na shemeji ana kipaji cha kupiga dakika ile ile. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, katika utafiti wa magharibi mwa Kenya waliouchapisha mwaka 2013, walikuta kwamba hata sanduku lenye kufuli liliwasaidia watu kuweka akiba ya afya. Kufuli halimwonei shemeji haya!

3. Maziwa ya ngamia. Kina mama wa ushirika wa Anolei, Isiolo mjini, huyakusanya na kuyapakia kwenye basi hadi Nairobi, ambako mtaa wa Eastleigh unayangoja kwa hamu. Pesa yenyewe si nyingi, ila huja mara kwa mara, na inafikia mkono unaojua unga uliobaki ni kiasi gani. Naipenda mno akiba hii. Kukamua hakuhitaji kikao cha wazee.

2. Ng'ombe wenyewe. Hapa tukae kidogo. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini Kenya. Ng'ombe aliyezoea kushuka mbio hadi mto Ewaso Ng'iro hufika mahali akainuliwa kwa mikono asubuhi, wawili wakishika mkia, wawili pembe. Akifikia hapo, dalali anakutajia bei huku akiitazama ngozi tu. Najua kwa nini watu hawauzi mapema: kundi kubwa ndilo linalobakiza mbegu baada ya ukame, ndilo mahari, ndilo maziwa ya watoto. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo nasimama na yule anayeuza madume kadhaa wangali wanono, mvua ikianza kuchelewa, akabaki na majike. Jirani atalicheka boma lake dogo. Mwache acheke maadamu bado ana mate.

1. Kujua nani atakushika ukianguka. Waborana wana busa gonofa: aliyepoteza mifugo huchangiwa na watu wa ukoo wake, huyu mtamba, yule mbuzi, aanze upya. Taabu ni kwamba ukame ukiwapiga wote, mchangiaji naye anahitaji mchango. Ndiyo maana naipigia debe bima ya mifugo inayotazama ukijani wa malisho kwa setilaiti, iliyoanzia Marsabit mwaka 2010 na baadaye ikafika Isiolo. Kibrom Tafere, Christopher Barrett na Erin Lentz waliwafuatilia wafugaji wa Borana upande wa Ethiopia, na mwaka 2019 wakaeleza jambo tamu: wenye bima waliyaona maisha yao kuwa bora, hata pale ada ilipokwenda na fidia isije. Walinunua usingizi, wakaupata.

Lakini bima haikuletei mtamba wa maziwa mlangoni. Ukoo huleta, nao hukumbuka nani alitoa zamu yake ilipofika. Kwa hiyo wakija kuchangisha mwezi huu, ndugu yangu, usijifiche nyuma ya boma. Ndara zako zinaonekana.