Sifa za Kugeuza na Gari

Watu wa Kiluvya wana ustaarabu wao ambao mgeni huchelewa kuuelewa: anayetaka kwenda mjini huanza kwa kwenda shamba. Saa 11 alfajiri, mtu ambaye biashara yake iko Kariakoo, upande wa mashariki, anavuka Barabara ya Morogoro na kusimama upande wa magari yanayoelekea magharibi. Anapanda daladala la Kibaha. Likifika stendi ya Kibaha abiria wote wanashuka, isipokuwa yeye na wenzake wa dini moja. Gari linazunguka, linageuka, na yeye yuko palepale dirishani, amejiegemeza kama mwenye hati ya siti. Huko ndiko kugeuza na gari, tabia inayotukanwa kila asubuhi na ambayo haijapata mtu wa kuisifu.

Isifiwe basi, kuanzia na jiografia yake. Kiluvya imekatwa na mpaka: kuna nyumba zilizo Ubungo, Dar es Salaam, na kuna nyumba zilizo Kisarawe, Pwani. Mbele kidogo ndiyo Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Kwa hiyo mgeuzaji wa Kiluvya Gogoni hutoka mkoa mmoja, akaingia wa pili, akarudi wa kwanza, na jua bado halijachomoza. Kuna watumishi ambao safari ya nje ya mkoa kwao ni posho. Yeye hiyo safari anajilipia. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia Agosti 23, ikapata 5,383,728 kwa Dar es Salaam na 2,024,947 kwa Pwani. Makarani walifanya busara kuulizia usiku. Wangeulizia alfajiri, Pwani ingejipatia watu wengi waliokaa kimya, wamekumbatia mabegi, na hakuna hata mmoja aliyekusudia kushuka.

Wasiojua husema huu ni uvivu wa kusimama. Hawajui hesabu. Dereva na konda wanatakiwa wapeleke hesabu kwa tajiri kila siku, na chao ni kile kinachobaki juu yake. Gari lenye nafasi ni hasara inayotembea, kwa hiyo haliondoki Kibaha mpaka lijae, na likishajaa linaendelea kujaa. Kiluvya iko karibu mno na mwanzo wa safari kumkuta mtu ameshashuka, na iko mbali mno na mwanzo huo kukuta siti. Anayengoja kituoni kwa uungwana hupewa nafasi ya mguu mmoja mlangoni, na mguu wa pili akautafutie mwenyewe. Kwa nauli zilizopangwa mwishoni mwa 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600. Kwa hiyo 600 ya ziada ya kwenda Kibaha, mgeuzaji amenunua kiti, kioo, na usingizi wa kufika nao mjini.

Tena hicho kiti ni mali salama kuliko nyingi za barabara hiyo. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara, na wako waliojenga kwa miaka mingi wakaamka wakikuta alama nyekundu ya X ukutani. Siti ya daladala hakuna aliyewahi kuichora X.

Barabara yenyewe ilikuja ikapanuka: kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha, njia mbili zikawa nane. Foleni ingepungua, maisha yangenyooka. Mtu wa Kiluvya alishukuru kwa dhati, maana sasa ana njia nne nzima za kurudia nyuma. Kinachokwenda mjini moja kwa moja bila kugeuza ni maji tu, yale ya mtambo wa Ruvu Juu kule Mlandizi, wenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, nayo hayajawahi kugombea siti na mtu.

Waungwana wa Kibaha, wanaoishi hatua chache kutoka stendi, ndio wenye donge hasa. Wao ndio mwanzo wa ruti. Kwa sheria yoyote ya foleni, gari lingepaswa kuwafikia tupu. Linawafikia limekaliwa. Basi nao wamejifunza. Wenye nguvu hulikimbilia kabla halijasimama. Wenye shabaha hutupia leso au begi dirishani, na leso ikishatua kwenye siti huheshimiwa kuliko mtu mzima aliyesimama pembeni yake. Wengine huchukua bodaboda wakalipokee gari kabla halijaingia stendi. Mwanzo wa safari unazidi kusogezwa nyuma, na kwa mwendo huu siku moja watu wa Kibaha watakwenda Kariakoo kwa kuanzia Chalinze.

Konda anayajua yote. Gari likishageuka anagonga bati na kutangaza, "Wa kugeuza nauli mbili!" Hapo ndipo utamu wa sanaa hii unapoonekana. Ukimya unashuka. Watu watano wanagundua kwa pamoja kwamba nje ya dirisha kuna kitu cha kutazama. Mmoja anapekua pochi taratibu sana, kama anayetafuta sindano. Konda anahesabu vichwa, anaangalia sura, anasema, "Mama, wewe nimekubeba kutoka Gogoni," na mama anamjibu kwa upole wa asubuhi, "Mwanangu, umenifananisha."

Mmoja tu hana fungu katika neema hizi, naye ni mwanafunzi. Kwa viwango vya 2023 nauli yake ni 200, na hakuna konda atakayemwacha akalie siti kwenda na kurudi kwa bei hiyo. Yeye husimama, na akibahatika kukaa hunyanyuliwa na wakubwa.

Gari linatoka Kibaha, linavuka mpaka, linafika Kiluvya, mahali palepale mgeuzaji alipopandia karibu saa nzima iliyopita. Kituoni kumejaa. Miongoni mwa wanaosukumana kuingia yuko jirani yake, ukuta kwa ukuta, aliyeoga wakati yeye anaoga. Mgeuzaji anamwona, na papo hapo usingizi mzito unamchukua. Haumsaidii. Jirani anajipenyeza mpaka ubavuni, anashika bomba, na kumtua begi mapajani.

"Nipakatie, jirani. Ee, umetoka wapi asubuhi yote hii?"

Mgeuzaji anafumbua jicho moja. "Hapahapa."

"Hapahapa wapi?"

"Nyumbani," anasema, na kulipakata begi vizuri.