Mpira Umefungiwa Stoo

Ujumbe wa shule uliingia saa tatu usiku, saa ambayo mzazi hutarajia habari za karo au za msiba. Siku ya michezo ni Ijumaa, mtoto aje na fulana ya rangi ya nyumba yake. Kijana wangu yuko nyumba ya Longonot, na Longonot ni manjano. Mwaka jana ilikuwa kijani. Mlima haujahama, rangi ndiyo imehama, na wauza nguo wa Marikiti walijua kabla yangu, maana bei ilikuwa imeshapanda.

Ukinung'unika unakumbushwa kwamba hapa Machakos ndipo walipotoka Cosmas Ndeti, aliyeshinda marathoni ya Boston mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995, na Patrick Makau, aliyevunja rekodi ya dunia kule Berlin mwaka 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Sawa. Lakini hao walikimbia kilomita 42. Shuleni kwetu kipaji hupimwa kwa mita mia. Anayefika wa tano haitwi tena. Huelekezwa kwenye kivuli cha mti akawapigie wenzake makofi, na chini ya mti huo ndiko waliko watoto wengi.

Kwenye mpira ni balaa zaidi. Timu ni wale wale kumi na mmoja tangu gredi ya nne. Wakitolewa kwenye mashindano ya zoni, na hutolewa mapema, hata kaunti ndogo hawajainusa, mipira inarudi stoo na kufuli linafungwa mpaka mwakani. Kipindi cha elimu ya viungo kipo kwenye ratiba, ila Hisabati imehamia humo kama mpangaji asiyelipa kodi.

Kijana wangu hajawahi kuchaguliwa. Yeye hubeba jeri ya maji. Siku ya zoni alirudi na vumbi jekundu hadi kwenye kope, sauti imekauka, akaisukuma sahani ya muthokoi kando.

"Tumefungwa mbili, Baba. Refa ametunyima penalti."

Nikamuuliza alicheza namba ngapi. Akanitazama kwa huruma.

"Mimi ni wa maji."

Mama yake akanifanyia ishara ninyamaze.

Kesho yake mwalimu alikusanya jezi zote, na jeri pia. Tangu hapo kijana hurudi mapema, akapiga mpira wa makaratasi na watoto wa ploti. Huko hakuna zoni. Anacheza kila mtu, hata binti wa jirani mwenye bandeji ya plasta mkononi, ambaye, nasikia, ndiye golikipa.

Basi mwalimu, fulana ya manjano nimenunua, na mwakani mkitaka zambarau nitanunua. Ninachoomba ni ufunguo wa stoo. Mpe mtu ambaye saa kumi jioni bado yuko shuleni.